Diski za rumba: sindano ichaguliwe kwa diski, si kwa bei

Tangu tarehe 14 Desemba 2021, rumba ya Kongo imeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Kinshasa na Brazzaville ziliomba pamoja na zikapata pamoja. Ilikuwa heshima kubwa kwa pande zote mbili za mto.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya urithi huo inashikika vizuri sana. Imelala ndani ya diski: zile nzito za mizunguko 78 zilizotolewa na nyumba za Léopoldville kama Ngoma, Opika na Loningisa, zile ndogo za mizunguko 45 za miaka ya 1960 na 1970, na zile kubwa za mizunguko 33 zilizofuata. Ziko kwenye masanduku chini ya vitanda Bukavu, Kisangani, Kalemie na Lubumbashi. Wengine walizibeba wakati wa kuhama, wengine waliziacha. Kila moja iliyobaki inazidi kuwa ya thamani, kwa sababu nyimbo nyingi hazikutolewa tena kwa njia nyingine yoyote.

Wakati huohuo, mashine za kupiga diski zimerudi kwa nguvu duniani. Kule Marekani, mwaka 2022 diski za vinili ziliuzwa nyingi kuliko CD, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Wimbi hilo limewafikia Wakongo pia. Mfanyabiashara wa Butembo anaporudi kutoka Dubai, au kijana aliyekulia Bruxelles anaporithi diski za baba yake, ananunua turnediski ya bei kali: Technics, Thorens, Rega. Halafu anakwama kwenye swali moja. Anunue kichwa gani cha sindano, yaani kile kidude kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa mashine na kugusa diski?

Mara nyingi jibu analopewa ni la bei. Mashine ya dola elfu mbili, anaambiwa, inastahili kichwa cha dola elfu moja au zaidi. Kwa mwenye diski za Kongo, jibu hilo ni baya. Aanze kwa kuangalia diski zilizopo nyumbani, kisha mkono wa mashine, kisha umeme na fundi anaoweza kuwapata. Bei ije mwisho. Anayegeuza mpangilio huo anaweza kulipa pesa nyingi na bado akaharibu wimbo ambao hauna nakala nyingine.

Kichwa kinafanya kazi gani

Sauti ya diski imechongwa kwenye kuta za mfereji mwembamba unaozunguka kutoka pembeni hadi katikati. Ncha ya almasi inapita ndani ya mfereji huo na kutikiswa na kuta zake. Nyuma ya almasi kuna kijiti chembamba, na nyuma ya kijiti kuna sumaku au koili. Mtikisiko unageuka umeme mdogo sana, ampli inaukuza, bafle zinaimba.

Kuna aina mbili kubwa. Kwenye aina ya kwanza, sumaku ndiyo inayotikisika karibu na koili zilizokaa imara. Inatoa umeme wa takriban milivolti 3 hadi 6, na sindano yake kwa kawaida inachomolewa kwa vidole na kubadilishwa. Kwenye aina ya pili, koili zenyewe ndizo zinazotikisika. Vichwa vingi vya aina hii hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5 tu, na sindano yake haichomoki. Ikichakaa, kichwa kizima kinarudishwa kiwandani au kwa fundi maalumu.

Wapenzi wa sauti husifu kichwa cha koili, na wana sababu zao: sehemu inayotikisika ni nyepesi, na sauti inatoka na mambo madogomadogo ambayo kichwa cha kawaida huyapoteza. Nyumba kama Koetsu ya Japani zilijenga jina lao juu ya vichwa vya namna hiyo, vinavyouzwa kwa maelfu ya dola. Hakuna anayesema ni vibaya. Lakini vilitengenezwa kwa mtu mwenye diski safi za stereo, umeme tulivu, na njia ya kutuma kifurushi kiwandani na kukipokea tena. Mkaaji wa Goma mwenye diski za mizunguko 78 za babu yake hana hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Diski za aina tatu, sindano tatu

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wenye pesa. Wanadhani diski ni diski na sindano ni sindano.

Diski ya mizunguko 78 ina mfereji mpana karibu mara tatu kuliko ule wa diski za baadaye. Sindano yake inahitaji ncha yenye kipimo cha maikroni 65 hadi 75. Sindano ya kawaida ya stereo, ya conical, ina maikroni 15 hadi 18. Ukiiweka kwenye diski ya 78 inazama hadi chini ya mfereji, inaburuta uchafu na changa zilizokaa humo kwa miaka 70, na kuta zenye muziki haizigusi sawasawa. Msikilizaji anasikia kelele kama mafuta yanayochemka, anasema diski imekufa, anaitupa. Kumbe diski ilikuwa nzima na sindano ndiyo haikuwa yake.

Mfano mzuri kwa wasemaji wa Kiswahili ni Jean Bosco Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye diski ya 78 yenye jina la Gallotone. Ni mtu mmoja na gitaa moja, vidole viwili vikifanya kazi ya wapigaji wawili. Ukiusikiliza kwa sindano nyembamba ya LP, nyuzi za chini zinamezwa na kelele. Kwa sindano ya kipimo chake, besi inatembea peke yake na nyuzi za juu zinaijibu. Kwa anayejifunza gitaa la Katanga, hapo ndipo penye somo.

Diski za aina ya pili ni zile za mfereji mwembamba lakini za mono. Stereo iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu baadaye diski nyingi ndogo za 45 ziliendelea kutoka kwa mono. "Indépendance Cha Cha", ambayo Joseph Kabasele na African Jazz waliirekodi Bruxelles mwaka 1960 wakati wa Meza ya Duara, ni ya kizazi hicho. Kwenye diski ya mono, muziki wote umechongwa kwa mtikisiko wa kulia na kushoto. Mtikisiko wa juu na chini hauna muziki, una vumbi na mikwaruzo tu. Kichwa cha stereo kinasoma vyote viwili, kwa hiyo kinaongeza kelele bure. Dawa yake ni rahisi: ama kutumia kichwa cha mono, ama kubonyeza kitufe cha mono kwenye ampli kama kipo. Kitufe hicho hakina gharama, na kwenye diski ya miaka ya 1960 kinaweza kusaidia kuliko kuongeza dola mia tano kwenye kichwa. Tahadhari ni moja: vichwa vya mono vya zamani, ambavyo sindano yake haipandi wala haishuki, visiwekwe kamwe kwenye diski ya stereo, kwa sababu vinailima.

Aina ya tatu ni diski za stereo za miaka ya 1970 na 1980. Kwa hizo, sindano ya stereo ya kawaida inafaa. Kinachobaki ni kuchagua umbo la ncha, na hapo rumba ina jambo lake la pekee.

Sebene iko mahali pagumu

Diski kubwa inazunguka kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa pembeni ni mrefu kuliko ule wa karibu na katikati. Mwanzoni mwa upande, sindano inapita juu ya sentimita 51 za mfereji kila sekunde. Mwishoni, karibu na karatasi ya katikati, ni sentimita 21 hivi. Muziki uleule umebanwa katika nafasi isiyofika nusu. Ncha nene ya mviringo haiwezi kuingia kwenye kona hizo ndogo, na sauti inaanza kukwaruza, hasa sauti za juu.

Rumba nayo imepangwa vipi? Mashairi huja kwanza polepole, na sebene, yaani magitaa yenye kasi ambayo watu wote wanayangojea, huja mwishoni. Franco na TPOK Jazz walipotoa "Mario" mwaka 1985, wimbo huo peke yake ulipita dakika 10. Katika nyimbo za namna hiyo, gitaa la solo linapopanda juu kabisa, mara nyingi sindano iko tayari karibu na katikati, mahali ambapo diski yenyewe ni dhaifu zaidi. Diski za 45 pia, ingawa zinazunguka haraka zaidi, zina shida hiyo, maana wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili na sebene ikawekwa upande wa pili.

Kwa hiyo kwa diski nzuri za stereo, ncha ya elliptical, au zile nyembamba zaidi kama microlinear na Shibata, zina faida ambayo sikio la mpenzi wa rumba litaitambua haraka. Hapa wanaotetea vichwa vya bei wana haki nusu: almasi iliyochongwa vizuri inagharimu pesa, na pesa hiyo inasikika. Nusu nyingine wanaisahau. Umbo hilohilo la ncha linapatikana pia kwenye vichwa vya sumaku vya bei ya kati. Si lazima kununua koili za dhahabu ili kupata ncha nyembamba.

Tena kuna diski zilizopigwa kwenye baa kwa miaka, chini ya sindano nzito zilizochakaa. Kwa hizo hakuna sheria moja. Mara nyingine ncha nyembamba inagusa sehemu ya ukuta ambayo sindano za zamani hazikuifikia, na sauti inafufuka. Mara nyingine inafichua kila kidonda, na ncha ya kawaida ya conical inasikika vizuri zaidi. Mwenye busara anakuwa na zote mbili na kujaribu.

Mkono ukubali

Kichwa kizuri juu ya mkono usiokifaa ni pesa iliyopotea. Kila kichwa kina uzito wake, na kijiti chake kina ulaini wake. Mkono nao una uzito unaosikika kwa sindano. Vitu hivyo pamoja hufanya kama mzigo juu ya springi ya gari: vina mtikisiko wao wenyewe. Wataalamu wanataka mtikisiko huo uwe kati ya hertzi 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo, unakutana na mawimbi ya diski iliyopinda kwa joto, na sindano inaruka. Ukipanda juu sana, unaingia kwenye besi ya muziki.

Hesabu yake inafanyika kwenye karatasi. Chukua uzito wa mkono, ongeza uzito wa kichwa na skrubu zake, zidisha kwa namba ya ulaini iliyoandikwa kwenye karatasi ya kichwa, tafuta kipeuo cha pili, halafu gawa 159 kwa jibu hilo. Mkono wa gramu 12, kama ule wa Technics SL-1200, na kichwa cha gramu 7 pamoja na gramu 1 ya skrubu ni gramu 20. Ulaini ukiwa 20, kuzidisha kunatoa 400, kipeuo chake ni 20, na 159 kwa 20 ni karibu 8. Inafaa. Viwanda vya Japani mara nyingi hupima ulaini kwa hertzi 100 badala ya 10, kwa hiyo namba yao huonekana ndogo kuliko inavyotumika katika hesabu hii. Muuzaji anayejua kazi yake ataieleza tofauti hiyo. Asiyeweza kuieleza anauza sanduku tu.

Mfano wa kichwa chenye tabia yake ni Denon DL-103, kilichotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya redio ya taifa NHK, na ambacho bado kinauzwa kwa mamia ya dola. Ni cha koili, kina ncha ya conical, kinataka gramu 2.5 na mkono mzito. Juu ya mkono unaokifaa, sauti za waimbaji zinatoka nene na za karibu. Juu ya mkono mwepesi wa kisasa, hakionyeshi uwezo wake. Ni kichwa kilekile kwa bei ileile, ila mkono ndio umebadilika.

Kiwanda cha Linn cha Scotland kimefundisha tangu miaka ya 1970 kwamba mashine yenyewe ndiyo ya kwanza, mkono ni wa pili, na kichwa kinakuja nyuma yao. Wengi walibishana nao, lakini kwa mtu anayeanza, fundisho hilo linampa ruhusa ya kuweka kichwa cha kawaida kwenye mashine nzuri bila aibu.

Umeme, vumbi na fundi

Mengi yanayosemwa Ulaya kuhusu vichwa yanadhani umeme hauna shida. Mashariki mwa Kongo, wenye nyumba wanajua habari nyingine. Kichwa cha koili kinahitaji kukuzwa takriban mara 1,000 kabla ya kufika kwenye ampli ya kawaida, wakati cha sumaku kinahitaji kama mara 100. Kelele yoyote ya jenereta, ya invata au ya waya usio na udongo mzuri inakuzwa pamoja na muziki. Kichwa cha sumaku chenye umeme mwingi kinaimba juu ya kelele hizo, na kile cha koili kinaweza kuzama ndani yake.

Mashine zenye mota inayofuata mapigo ya umeme zina shida nyingine: jenereta ndogo ikipungua mwendo, hata wimbo unashuka. Ndiyo maana mashine zinazojipimia mwendo zenyewe, kama Technics za kuendesha moja kwa moja, zinafaa zaidi huku.

Vumbi nalo si dogo. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali. Ni vumbi gumu. Likikaa kwenye mfereji na sindano ikapita, linafanya kazi ya msasa. Kabla ya kuchagua kichwa, mtu anunue brashi laini na maji yaliyosafishwa. Diski za vinili zinaweza kuoshwa taratibu. Lakini diski za 78 za zamani zisiguswe kabisa na alkoholi, kwa sababu inayeyusha gundi ambayo zimetengenezwa kwayo.

Kisha kuna swali la siku sindano itakapokwisha. Watengenezaji hutaja kati ya saa 300 na 1,000 kulingana na umbo la ncha. Kwa saa 500, na dakika 20 kila upande, ni pande 1,500, yaani diski 750. Anayesikiliza diski moja kila jioni atabadilisha sindano baada ya miaka miwili hivi. Mwenye kichwa cha sumaku anaagiza sindano ndogo inayoingia kwenye mfuko wa shati, na kuichomeka mwenyewe. Mwenye kichwa cha koili anatuma kifurushi ng'ambo na kungoja. Wengi hawatumi. Wanaendelea na sindano iliyokwisha, ambayo kingo zake zimekuwa kali kama patasi, na kila jioni wanachonga diski zao. Kichwa cha dola 2,000 chenye almasi iliyokwisha ni hatari kuliko cha dola 50 chenye almasi mpya.

Kwa mkaaji wa Kivu au Katanga, basi, njia ya maana ni kichwa kimoja cha sumaku chenye sindano kadhaa zinazobadilishana. Audio-Technica ya Japani ina familia ya VM95, ambayo mwili mmoja unapokea ncha ya conical, ya elliptical, ya microlinear, ya Shibata, na pia ncha nene ya diski za 78. Ortofon ya Denmark, kiwanda kilichoanza mwaka 1918, ina familia ya 2M yenye vichwa vya stereo, vya mono na vya 78. Mwili mmoja na sindano tatu vinaweza kugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kichwa cha kifahari, na vinasoma sanduku zima la mzee, tangu Wendo mpaka TPOK Jazz.

Kwa nini kujisumbua?

Kuna watakaouliza: si nyimbo hizo zote ziko kwenye simu? Nyingine ziko. Lakini nyimbo za simu zilitoka kwenye diski za mtu fulani, kwa sindano fulani, na mara nyingi mtu huyo hakuchagua vizuri. Kelele ambazo vijana wanadhani ni "sauti ya zamani" mara nyingi ni sauti ya sindano mbaya. Wazee waliorekodi Léopoldville mwaka 1955 walisikia muziki safi studioni. Tena, ziko nyimbo za Kiswahili za Katanga na Kivu ambazo hazijapata bahati ya kutolewa upya. Zikikwaruzwa sasa, hakuna simu itakayozirudisha.

Makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, na maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Hugh Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, zina rekodi nyingi za Kongo, na zinazitunza. Hiyo ni heri. Lakini si haki kwamba mjukuu wa mwanamuziki wa Likasi aombe viza ili kumsikia babu yake vizuri, wakati diski iko kwa jirani na sindano yake inagharimu chini ya gunia la mchele.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa kichwa si mchezo wa matajiri peke yao. Vituo vya redio vya majimbo, makumbusho ya Lubumbashi, vyuo vikuu vya Bukavu na Kisangani, na vyama vya wapenzi wa rumba vinaweza kuwa na meza moja tu kila mji: mashine yenye mwendo wa 33, 45 na 78, kichwa cha sumaku, sindano tatu, mizani ndogo ya kupima uzito wa sindano, na kompyuta. Mwenye diski anaileta, inaoshwa, inapigwa mara moja kwa sindano inayofaa, inanakiliwa kwa ubora wa biti 24, kisha anarudi nayo nyumbani pamoja na nakala. Wahifadhi wa sauti duniani wanafanya hivyo kila siku. Meza hiyo haihitaji jengo wala mradi mkubwa. Fundi mmoja mvumilivu na chumba kikavu vinatosha.

Na yule mwenye turnediski mpya ya bei kali, kabla ya kulipa, afungue kwanza sanduku la diski. Azihesabu: ngapi ni za 78, ngapi ni za mono, ngapi ni za stereo. Amuulize muuzaji mambo manne: ncha ina maikroni ngapi, inataka gramu ngapi, ulaini wake unakubaliana na mkono huu, na sindano ya kubadilisha itapatikana wapi mwaka kesho. Muuzaji akiweza kujibu yote manne, hapo ndipo wazungumze bei. Akijibu kwa kutaja jina la kichwa na bei yake tu, mteja ashukuru, arudishe pesa mfukoni, na atafute muuzaji mwingine.